Aliyenifundisha Kazi Yake

Kila Ijumaa baada ya swala ndugu zake bosi walikuja kula kwetu Sulimaniyah, mjini Riyadh, na kila Ijumaa waligombana kuhusu Wapalestina. Nasema kwetu kwa mazoea tu. Nyumba ilikuwa ya bosi, ghorofa ya juu kabisa katika jengo lenye maduka ya simu na mikahawa chini, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kumtunza mama yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimeulegeza mwili wake wote wa kushoto. Chumba cha mama kilipakana na majlisi, yaani sebule ya wanaume, na mlango wa katikati uliachwa wazi kwa sababu mama alipenda kusikia sauti za wanawe. Kwa hiyo na mimi nilizisikia.

Nilipofika Riyadh, Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni: leta, ondoa, halas yaani basi, bado. Lakini ukikaa kando ya mgonjwa kutwa, huku watu wanazungumza chumba cha pili, lugha inaingia yenyewe. Nilianza kwa kutambua majina ya nchi, kisha matusi, kisha hoja zenyewe.

Wakati huo serikali ilikuwa imetangaza msaada mwingine kwa wakimbizi wa Kipalestina. Televisheni ilionyesha malori na ndege zikipakiwa masanduku, na wananchi nao walihimizwa kuchanga. Bosi aliunga mkono kwa moyo wote. Alisema wale ni ndugu zetu, na mtu hamhesabii ndugu yake alichompa. Mdogo wake, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari, alisema tumetoa tangu enzi za babu zetu na hatujawahi kusikia imetosha, na hapa hapa Riyadh kuna vijana wetu waliomaliza vyuo wamekaa majumbani. Shemeji yao alikuwa mwalimu wa chuo, mtu wa sauti ya chini, na yeye alisema ubaya hauko katika kutoa, uko katika mikono mingi ambayo msaada unapita kabla ya kumfikia mwenye njaa. Basi hapo simu zinatolewa, kila mtu anamsomea mwenzake alichoandika fulani, mwingine anasema huyo ni mwongo, sauti zinapanda. Kisha naitwa nisaidie kupeleka sinia la wali na nyama, na wote wanakula. Sikumbuki hata mmoja aliyeondoka amenuna.

Mjadala ule sikuuona mgeni. Mimi ni wa Taita, upande wa chini ulio mkavu, na utotoni mvua ikikosekana tulikuwa tunaletewa mahindi ya njano ya serikali kwenye uwanja wa chifu. Redioni watu wa mbali walipiga simu wakisema watu wa huko wamezoea kulishwa, wafundishwe kulima. Mama yangu alikuwa akiisikiliza redio hiyo huku anachambua mahindi hayo hayo. Magunia yake aliyageuza ndani nje kabla ya kuyashonea chochote, ili maandishi ya msaada yasionekane. Kwa hiyo pale Sulimaniyah, wanaume wakizungumza, nilikuwa najua jinsi maneno yale yanavyosikika masikioni mwa mtu anayezungumziwa. Nilijua, na baadaye sikufanya kitu chochote na kujua huko.

Mtu aliyekuwa anazungumziwa alikuwa anaingia chumbani mwa mama mara kadhaa kwa wiki. Alikuwa mwanamke wa Kipalestina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, sisi wote tukimwita daktari. Umri wake ulikuwa unakaribia arobaini, mrefu, mwenye miguu ya haraka na mikono ya baridi mno. Mama alikuwa akishtuka kila daktari anapomgusa, kisha anatulia kama mtoto aliyepewa maji. Daktari alikuwa anamkunja goti, anamnyoosha, anamwekea kitambaa chini ya kisigino na kumwambia akivute, na muda wote anamsimulia habari za Jeddah, mji aliozaliwa.

Siku moja alipokuwa anafunga mkoba nilimuuliza atakwenda lini kwao kusalimia. Alinitazama kama mtu anayepima kama swali lina ubaya ndani yake. Akaniambia Palestina hajawahi kuiona. Baba yake aliletwa Jeddah kufundisha hesabu, akazaa watoto wote pale, akazikwa pale. Shangazi yake yuko kambini Jordan, na huyo ndiye anayepokea unga wa msaada. Yeye na kaka yake hawajawahi kupokea hata kijiko. Wana ikama, kibali cha mgeni kuishi nchini, na kwenye ikama kuna kafili, mwenyeji anayemdhamini.

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Mtu anayesema Kiarabu kama wao, anayeswali kama wao, aliyezaliwa ndani ya nchi, awe na kafili kama mimi mtoto wa Taita? Alipoona nacheka, na yeye akacheka kidogo, na tangu siku hiyo tukawa tunanong'ona mambo mengine ambayo hatukuwaambia wenye nyumba.

Ijumaa moja alichelewa, akawa bado yuko na mama wageni walipoanza ubishi wao. Bosi, ambaye alikuwa na kawaida ya kufurahishwa na mawazo yake mwenyewe, alikuja hadi mlangoni akamwita. Akasema wao wanapoteza muda, wakati mwenye jambo lake yuko hapa hapa nyumbani. Daktari alijifunika vizuri, akasimama kizingitini bila kuvuka. Aliulizwa kama nchi hii imewasaidia Wapalestina vya kutosha au haijawasaidia vya kutosha. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mama hewani, sikujua kama niushushe.

Daktari alisema, "Mwenyezi Mungu amlipe kila anayetoa, na amsitiri kila anayehitaji."

Wote wakaitikia amina. Bosi alimgeukia mdogo wake kama aliyeshinda kesi, na mdogo wake naye alikuwa anatikisa kichwa kama aliyeshinda hiyo hiyo.

Nilikuwa natoa takataka, tukashuka pamoja kwenye lifti. Ilikuwa na kioo ukuta mzima na yeye alikuwa anajitazama bila kujiona. Ndipo aliponieleza kwamba kliniki iliyomwandikisha inafungwa, na mwenye kliniki ametaka wafanyakazi wote wahamishe ikama zao kwa kafili mwingine. Bosi alikuwa amemwahidi kumtafutia mtu.

"Wanabishana kama watupelekee unga kule," alisema. "Mimi niko hapa. Natafuta mtu mmoja tu wa kuniwekea jina lake."

Nilimwambia bosi ni mtu mwema, atamtafutia. Lifti ikafunguka.

Ijumaa nikipewa ruhusa jioni, nilikuwa nakwenda Manfuha, kusini mwa mji, kwenye chumba walichopanga Wakenya wenzangu katika nyumba moja kuukuu. Tulipika ugali, tukasukana nywele, tukapiga simu nyumbani. Mmoja wao, dada wa Kakamega, alikuwa ametoroka kwa kafili wake na hakuwa na karatasi yoyote, kwa hiyo hakutoka nje mchana. Jumuia yake yote ilikuwa chumba kile na simu yake, na kwenye simu alikuwa anafuata ubishi ule ule wa msaada, safari hii kwa Kiswahili na Kiingereza, Wakenya wakitukanana. Jioni ile alisema haoni kwa nini tuumie vichwa. Sisi tukikwama huku, tukipigwa, tukinyimwa mshahara, nani ametangaza kampeni? Nani amepakia ndege?

"Wao angalau wanabishaniwa," alisema. "Sisi hata kubishaniwa hatubishaniwi."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka sana, nikaongeza kwamba hata mahindi ya njano hatuletewi tena. Nilikuwa nimetoka kwenye ile lifti saa chache tu nyuma. Lakini ukiwa na watu wenu, na tumbo limeshiba ugali, ni rahisi kuwa upande wa kicheko.

Haikupita muda mrefu madam, mke wa bosi, akaniita jikoni. Alisema amekuwa akiniangalia ninavyomsaidia daktari, na mimi nina akili, nashika mambo upesi. Daktari ni gharama. Kama nitajifunza yale mazoezi yote, halas, hatakuwa na haja ya kuja, na mimi nitaongezwa kitu katika mshahara. Alikuwa anasema huku anakata matunda, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayepanga chakula cha wiki.

Nilisema, "Sawa, madam."

Neno lile lilitoka haraka. Nimejaribu kukumbuka kama nilimfikiria daktari kabla ya kulisema au baada, na ukweli ni kwamba nilimfikiria binti yangu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Daktari alinijia mawazoni baadaye, nilipokuwa namwogesha mama.

Sikuweza kumficha. Siku iliyofuata alipofika, nilisubiri mama asinzie, nikamwambia wazi: wanataka unifundishe ili usije tena. Alikuwa anampaka mama mafuta unyayoni. Hakuinua macho.

"Wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu sawa."

Aliendelea kupaka, kidole kimoja baada ya kingine. "Na mimi ningejibu sawa," alisema. Halafu akasogea pembeni. "Basi kanawe mikono uje. Ukijifunza vibaya, atakayeumia ni huyu."

Kama angenikasirikia, ningekuwa na afadhali. Alinifundisha vizuri kuliko alivyolazimika. Angeweza kunionyesha nusu, akaacha goti la mama likakaza na mimi nikaonekana sijui, wakamrudisha. Badala yake alinishika vidole na kuviweka pale panapotakiwa, juu kidogo ya goti, akaniambia nisikilize kwa mkono jinsi msuli unavyokataa kabla haujakubali. Alinionyesha jinsi ya kumsimamisha mgonjwa bila kuvunja mgongo wangu mwenyewe. Alinitungia hata maneno ya kumwambia mama ili asiogope. Na kila nilipopata jambo, alisema vizuri sana, na kila aliposema vizuri sana nilijua nimemsogeza hatua nyingine kuelekea mlangoni.

Ile ahadi ya kafili bosi hakuitimiza. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisahau tu, kama mtu anavyosahau aliyekuwa anakuja kwake akaacha kuja. Ijumaa ya kwanza bila daktari, nilimsikia majlisini akisema, sauti inatetemeka kwa uchungu, kwamba siku ya kiyama tutaulizwa kuhusu wakimbizi wale. Nilikuwa nimemkunja mama goti. Niliendelea kulikunja.

Kutoka kwa daktari nilipata ujumbe mmoja, kwamba amehamia Jeddah kwa kaka yake, mtaa wa Mahjar, na kwamba nisisahau kumgeuza mama upande usiku. Nilimjibu asante. Sikumpigia. Nilijiambia sina muda, na muda nilikuwa nao, kwa sababu sasa mimi nilikuwa mtu mwenye cheo katika nyumba ile, sifui wala sipigi pasi, kazi yangu ni mama tu. Mfanyakazi mwingine ndiye aliyefua. Binti yangu alilipiwa shule. Niliponunua sanduku lake la bati kwa kumtuma dada yangu dukani Voi, nilifurahi mchana mzima, kisha jioni furaha ikaniisha ghafla na sikutaka kujiuliza kwa nini.

Majira ya baridi yalipoingia, ikaamuliwa mama apelekwe Jeddah kwa binti yake, apate joto na hewa ya bahari. Nilikwenda naye. Madam wa Jeddah alikuwa mwanamke mpole aliyefanya kazi benki, na mumewe alikuwa na hisa katika kituo kimoja cha kutibu watu waliopooza. Nyumba ilikuwa nzuri. Lakini safari ilikuwa imemchosha mama, na goti lake likakaza kuliko nilivyowahi kuliona. Kila nilipoligusa alipiga yowe. Nilijaribu kila nililofundishwa. Siku ya pili alinipiga mkono kwa mkono wake mzima, akaniambia mikono yangu ni ya moto na mizito, akauliza, "Yule wa mikono baridi yuko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hatakuja tena. Kule Riyadh kila alipouliza tuliitikia kesho inshallah, hadi akaacha kuuliza.

Nilijifungia chumba cha kufulia nikampigia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, lakini alipopokea na kusikia sauti yangu aliuliza moja kwa moja kuna nini, nikamwambia.

"Limevimba?"

"Halijavimba. Limekaza."

"Usiliguse. Nakuja."

Alifika alasiri, kwa miguu kutoka kituo cha basi, joto limemwekea matone usoni. Alikuwa amekonda. Wakati nampa maji aliniambia sasa anamsaidia mke wa kaka yake kuoka mikate na kuwauzia majirani, kwa sababu bila kafili wa kazi yake hakuna kliniki inayothubutu kumchukua. Alisema bila kulalamika. Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu.

Mama alipoguswa alishtuka kama zamani, akafumbua macho, na akamtambua. Alimshika mkono akaukalisha shavuni mwake, akaanza kumgombeza kwamba amekawia. Walikaa pale muda mrefu, mmoja anagombeza, mwingine anakanda goti polepole, hadi lile goti likakubali. Kisha daktari akamkalisha, akamwekea mikono ukingoni mwa kitanda, na mama akasimama. Ndipo madam wa Jeddah aliporudi kutoka kazini, akamkuta mama yake amesimama na mwanamke asiyemjua amemzunguka kwa mikono.

Nilieleza nilivyoweza. Madam alilia, akambusu mama kichwani, akakimbilia chumbani kwake na kurudi na bahasha. Sebuleni televisheni ilikuwa ikionyesha tena yale malori. Nadhani hayo ndiyo yaliyomjaza maneno, kwa sababu alimwekea daktari bahasha mkononi akasema ni sadaka yake kwa watu wake, kwa yote wanayopitia kule.

Daktari hakuikunjia vidole. Bahasha ilikaa tu juu ya kiganja.

"Kule sipajui, madam," alisema. "Nimetoka Mahjar. Kama hii ni sadaka, wapo wanaokusanya, wapelekee. Kama ni ujira wa kazi ya leo, nitaupokea."

Uso wa madam ulibadilika. Sikuona hasira usoni mwake. Alifanana na mtu aliyevaa nguo kinyume akaambiwa mbele za watu. "Ni ujira," alisema mwishowe. Daktari akashukuru, akaiweka mkobani bila kuifungua.

Bosi alipopata habari alinipigia kutoka Riyadh. Aliuliza nani alinipa ruhusa ya kumwita mtu nyumbani kwa dada yake. Nilikuwa najibu samahani baba, samahani baba, nimesimama karibu na kitanda, na mama akanyoosha mkono akataka simu. Alimwambia mwanawe kwamba yeye harudi Riyadh. Atakaa Jeddah na yule wa mikono baridi, na huyu Mkenya arudishwe, mikono yake ni ya kubeba saruji. Alisema yote hayo nikiwa namtazama, bila chuki, kama anayesema chai haina sukari. Habari za wakimbizi hazikumo akilini mwake hata kidogo. Alichotaka ni goti lisimuume.

Na alipata alichotaka. Mume wa madam alizungumza na wenzake kituoni, wakamwandikisha daktari, ikama yake ikahamishiwa pale, na saa za jioni akawa anakuja kwa mama. Ilichukua wiki chache tu. Jambo ambalo bosi alikuwa ameahidi miezi mingi lilikamilishwa kwa sababu ajuza mmoja alikataa kuguswa na mtu mwingine.

Siku niliyoondoka daktari alikuwa amefika mapema. Alinisindikiza hadi kwenye gari, akanishika begani.

"Nimechukua kazi yako," alisema.

"Ilikuwa yako," nilimjibu.

Ni kweli ilikuwa yake. Lakini nilisema hivyo kwa mdomo tu, na nadhani alilitambua hilo, maana aliuondoa mkono wake taratibu.

Dereva wa bosi, kijana wa Nyeri aliyetumwa kunichukua, aliendesha njia yote ile ndefu ya jangwani akisikiliza mahubiri ya Kikikuyu. Mahali fulani tuliposimama kunywa chai nilimsimulia, na nilisimulia kwa uchungu kuliko nilivyotarajia. Kwamba nimetukanwa mikono. Kwamba nyongeza yangu imeondoka, nimerudi kwenye pasi na vyoo. Kwamba mtu unamsaidia na anakupanda kichwani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani dada, si ulitaka apate kazi?"

Nilimwambia ndiyo, nilitaka. Nikaingia garini. Nilitaka kweli apate kazi. Sikuwa nimetaka apate yangu. Nilimwonea huruma kwa roho safi muda wote nilipokuwa nimekalia kiti chake, na siku alipokirudia, huruma yote ikaisha. Nilitazama mchanga hadi giza likaingia na sikuweza kujipatia jina zuri.

Manfuha nilipokwenda baadaye, waliniuliza habari za Jeddah. Niliwaambia kuna Mpalestina mmoja, mkimbizi, alikuwa ameteseka sana, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Niliyasema hayo hivyo hivyo. Dada wa Kakamega alinisifu. Akasema basi hata sisi tusio na kitu tunaweza kusaidia, na akanipakulia kipande kikubwa cha nyama, nikakila.

Ijumaa ya hivi karibuni nilikuwa napeleka kahawa majlisini, kwa kuwa sasa hiyo ndiyo kazi yangu. Walikuwa katika ubishi wao, kumetangazwa msaada mwingine tena. Bosi alisema wao katika familia hii hawaishii kwenye maneno. Kuna Mpalestina wamemsaidia, wamempa kazi Jeddah, wamemwekea jina kwenye ikama. Mdogo wake, yule wa vipuri, alisema huo ndio msaada anaouelewa yeye, unaona mtu na unaona kazi. Shemeji yao mwalimu aliitikia kwamba hapo hakuna mkono wa katikati. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue walikubaliana wote, na bosi, akiwa na furaha, akaninyooshea kidole.

"Na huyu ndiye aliyempigia simu," alisema.

Wote walinigeukia. Wakaniombea heri. Ningeweza kusema alikuwa anafanya kazi kwenu kabla, mkamwondoa, mkaniweka mimi. Kiarabu cha kusema hayo ninacho. Nilitabasamu, nikainamisha kichwa, nikamjazia kila mmoja kikombe.

Juzi daktari alinitumia ujumbe wa sauti. Anaendelea vizuri. Mama sasa anafika hadi dirishani akishikiliwa. Kituoni kwao wanataka mwanamke wa kuwasaidia wagonjwa, mtu anayejua kushika mwili wa mgonjwa, na yeye amewaambia anamjua mmoja, amemfundisha mwenyewe. Aliuliza mkataba wangu unakwisha lini na kama bosi atakubali kuniachia. Sauti yake ilikuwa ya haraka, nyuma yake watoto wa kaka yake wanapiga kelele.

Nilikaa na ujumbe ule siku nzima. Nilitaka kumwambia kwanza yale niliyoyasema njiani kwenye gari, na yale ya Manfuha, na kile kikombe cha kahawa. Nilianza kurekodi nikakata, nikaanza tena nikakata. Mwishowe nilimwandikia tu kwamba mkataba unakwisha baada ya Ramadhani, nitamwomba bosi, na kwamba nitafurahi. Neno hilo la kufurahi nililifuta, kwa kuwa sikuona kama nina haki nalo, kisha nikalirudisha. Alijibu papo hapo kwamba nianze kupunguza nguvu mikononi.